CNC ya kujitengenezea: daraja likikwama, likikwaruza au likiacha mawimbi kwenye mbao

Daraja la mashine ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), yaani boriti inayobeba kichwa cha kuchonga juu ya reli, likianza kwenda kwa mikupuo, fundi mmoja hukimbilia kubadilisha namba kwenye programu, mwingine huagiza mota kubwa zaidi Kariakoo. Wote wawili wanafunika kidonda. Mota kubwa italivuta daraja lililobanwa, ni kweli, ila itatafuna beringi taratibu, na ubao wa paini utatoka na mistari ambayo msasa hauimalizi. Mashine nyingi za nyumbani zinabana kwa sababu kuna bolti imekazwa mahali palipotakiwa kuachwa papumue kidogo.

Maelezo haya ni ya mashine zinazofaa karakana ya kawaida ya useremala Mbeya, Iringa, Mafinga au Njombe: meza ya sentimita 60 hadi 120, fremu ya skwea paipu iliyochomelewa au profaili ya alumini, reli za duara zenye kitako (SBR16, SBR20) au za mraba (HGR15, HGR20), skrubu ya T8 au ya gololi SFU1605, na mota za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogondogo) za NEMA 23.

Tenganisha kwanza, ndipo ulaumu

Mwendo unapita sehemu tatu: mota, skrubu (au mkanda), na reli. Zikiwa zimeungana huwezi kujua mgonjwa ni nani. Zima umeme ukutani, fungua bolti zinazoshika nati ya skrubu kwenye daraja, daraja libaki juu ya reli peke yake. Lisukume kwa mikono miwili toka mwanzo hadi mwisho. Likikataa, tatizo ni reli. Likienda vizuri, zungusha skrubu kwa vidole ukisikiliza ncha za vidole zaidi ya masikio. Nayo ikiwa laini, basi hamia kwenye mota, draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) na mipangilio.

Tahadhari: usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme, maana draiva inaweza kufa papo hapo. Na kwa mashine ya mkanda, toa mkanda kwenye puli kabla ya kusukuma. Mota ikizungushwa kwa mkono inazalisha umeme. Taa ya draiva ikiwaka yenyewe ujue unauchaji ubao wako wa umeme kinyumenyume.

Mkono hudanganya, kwa hiyo tumia mizani ya ndoano, ile ya kidijitali wanayoning'inizia mbuzi au gunia dogo. Ifunge katikati ya daraja kwa kamba, vuta polepole, soma kila sentimita 10, andika namba kwa chaki kwenye fremu. Namba yenyewe si kitu sana, kwani reli zenye sili mpya huwa nzito kidogo. Angalia tofauti. Gramu 600 mwanzo hadi mwisho ni mashine yenye afya. Gramu 400 katikati na 1,900 mwishoni ni reli zinazokaribiana au kuachana huko mwishoni.

Laini katikati, inabana mwishoni

Hili ndilo lalamiko namba moja, na lina vyanzo viwili vinavyofanana kwa sura. Ukifungua nati na ubano ukaisha, nati haiko mstari mmoja na beringi za mwisho wa skrubu. Katikati skrubu ndefu inakubali kupinda ikamezea kosa. Nati ikikaribia kitako cha beringi upande wa mota (BK12 kwa skrubu ya milimita 16) haina tena urefu wa kupindia, inabana. Dawa yake ni fupi: legeza bolti za mabano ya nati, sogeza daraja hadi liwe karibu kabisa na BK12, acha nati ijikalie yenyewe, kaza hapo. Sogeza hadi mwisho wa pili, kwenye kitako cha BF12, legeza bolti za BF12, iache nayo ijikalie, kaza. Kama mabano yanakuja na pengo ukiyaegesha, weka shimu (kipande chembamba cha kujaza pengo), usilazimishe kwa bolti. Na usiitoe nati ya gololi kwenye skrubu kwa udadisi tu: gololi za milimita 3.175 zitamwagika sakafuni, na kuzirudisha moja moja kwa grisi ni kazi ya jioni nzima.

Ukifungua nati na ubano ukabaki, reli zako mbili haziko sambamba. Mafahali wawili hawakai zizi moja: reli moja iongoze (hiyo ndiyo reli mama), ya pili ifuate. Ukizinyoosha zote mbili kila moja kivyake kwa rula na kuzikaza, utakuwa umeweka mafahali wawili, na daraja ndilo litakaloumia.

Anza na fremu yenyewe. Fremu ya kuchomelea hujikunja ikipoa, hata ile iliyoshikwa vizuri kwa klempu. Pima ulalo, kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, pembe ziko sawa. Kisha angalia kama imejipinda kama ubao mbichi: vuta nyuzi mbili za nailoni za waashi kutoka kona hadi kona, zikae juu ya vipande vya unene uleule, zikutane katikati. Zinatakiwa kubusiana tu. Pengo la milimita 1 katikati lina maana kona moja imepanda au kushuka milimita 2. Badilisha uzi wa juu uwe wa chini upime tena, kwa sababu uzi wa chini ukiwa unausukuma wa juu hutaona pengo lolote na utadhani mambo ni mazuri.

Chini ya reli pawe chuma kitupu. Rangi ya mafuta, vitone vya kuchomelea na kutu vyote vinainua reli kwa kiasi ambacho jicho halioni na kigari (kipande chenye beringi kinachotembea juu ya reli) kinakisikia. Kwangua kwa tupa bapa, pangusa, ndipo uweke.

Sasa utaratibu wa kufunga:

1. Nyoosha reli mama kwa kuifuata rula ya chuma au uzi uliovutwa. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje. SBR16 na HGR20 zinatumia M5, HGR15 M4.
2. Weka reli ya pili, bolti zishikwe kwa vidole tu, itikisike.
3. Funga daraja kwenye vigari vyote vinne. Kaza vya reli mama. Vya reli ya pili viache vimelegea kidogo.
4. Sukuma daraja hadi mwisho mmoja, kaza bolti mbili za reli zilizo karibu. Lisukume hadi mwisho wa pili, kaza mbili.
5. Rudi polepole ukikaza kila bolti daraja linapoipita, hapohapo lilipo. Kisha kaza vigari vya reli ya pili daraja likiwa katikati.
6. Pima tena kwa mizani. Bado kuna kilima? Legeza bolti za eneo hilo tu.

Kama upana umekuwa sawa na bado inabana, tatizo ni kimo: reli moja iko juu kuliko nyingine. Kipande cha kopo la soda kina unene wa takriban milimita 0.1, sawa na karatasi moja ya kawaida ya printa, na kipande hicho cha kopo ndicho shimu nzuri kuliko kadibodi, ambayo husinyaa. Meza ikiwa mbovu kwa urefu wote, mwaga epoksi nyepesi chini ya reli ndani ya kingo za mkanda wa gundi, iachie ijisawazishe na kuganda saa 24 au zaidi. Kwenye baridi ya Julai hesabu siku mbili.

Mwisho wa hili: vigari vya SBR vina skrubu ndogo ubavuni ya kupunguza mchezo. Watu huikaza hadi mwisho wakidhani wanaongeza uimara. Ikaze mpaka mtikisiko uishe, kisha irudishe kidogo. Kigari kilichokazwa kupita kiasi kinatoa hisia ya kusaga punje za mtama.

Asubuhi inabana, saa saba mchana inalainika

Fundi wa pwani anaweza asikutane na hili kabisa. Makete au Njombe mwezi Julai, alfajiri ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, na mchana karakana ya bati inapanda nyuzi 15 au zaidi. Alumini hujikunyata kwa milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, chuma milimita 0.012. Daraja la alumini la sentimita 80 juu ya fremu ya chuma, likipoa nyuzi 15, linakuwa fupi kuliko fremu inavyotaka kwa takriban milimita 0.13. Reli za mraba huvumilia sehemu chache tu za mia za milimita moja. Hapo daraja linazivuta reli ndani na kila kitu kinagoma.

Usipange reli saa nane mchana kama kazi huanza saa mbili asubuhi. Panga kwenye joto la katikati. Upande wa reli ya pili, tundu za daraja zifanywe ndefu kwa milimita moja kuelekea upana na bolti zitumie washa pana, ili pakihitaji kurekebishwa msimu ukibadilika usitoboe upya. Reli za duara husamehe zaidi, na kwa karakana isiyo na dari huku juu tungechagua SBR20 kabla ya HGR.

Chanzo cha pili cha ubano wa asubuhi ni grisi. Grisi nzito ya magurudumu ya lori ikipoa inakuwa kama ugali wa jana. Tumia grisi ya lithiamu ya daraja la 2, au la 1 kama unafanya kazi kwenye baridi kali, na uitembeze mashine dakika kumi kwa kasi ndogo kabla ya kuchonga. Grisi nyeusi yenye grafaiti au molibdeni, ile ya kwenye chesisi, usiitie kwenye vigari: chembe zake ngumu hujikusanya kwenye njia za gololi. Oili chafu ya injini iache kwenye nguzo za uzio.

Daraja linakwenda mshazari, linakwama, linaruka

Vuta droo pana ya kabati kwa kona moja: inajipachika, unaipiga teke, inaruka. Daraja lililosukumwa kutoka upande mmoja hufanya hivyohivyo. Kanuni ya zamani ya bushi (beringi za kuteleza zisizo na gololi) ni kwamba nguvu isikae mbali na reli zaidi ya mara mbili ya nafasi kati ya bushi mbili za reli hiyo. Bushi zikiwa sentimita 10 moja hadi nyingine, skrubu isizidi sentimita 20 kutoka hapo. Beringi za gololi zinavumilia zaidi kwa kuwa msuguano wake ni mdogo, ila vigari viwili vilivyobanana pamoja kwenye reli moja ni makosa kwa aina zote mbili. Tanua vigari, hata kama unapoteza sentimita chache za eneo la kuchonga.

Mashine yenye skrubu mbili na mota mbili kwenye mhimili mmoja ina ugonjwa wake: mota moja ikipoteza hatua, daraja linabaki limekaa upande. Funga vizuizi viwili vilivyopimwa sawa mwisho wa meza. Umeme ukiwa umezimwa, gusisha pande zote mbili kwenye vizuizi kwa kuzungusha skrubu kwa mkono, ndipo uwashe.

Inakwaruza kama ina mchanga

Mara nyingi ina mchanga kweli, au vumbi la MDF, au utomvu wa paini uliokauka na kushika vumbi. Mbao za Sao Hill zikikatwa bado mbichi hunyunyiza utomvu mpaka kwenye reli. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha kabisa, kisha paka oili nyepesi au grisi mpya. Petroli inasafisha lakini inaondoa kila kitu, na moto wake haufai karibu na mota. Mafuta ya kula hugeuka gundi ndani ya wiki chache.

Ili lisirudi, weka kifutio mbele na nyuma ya kila kigari. Kofia kuukuu ya pama ya felti ni malighafi safi kabisa: kata kipande cha upana wa reli, toboa kwa umbo la shafti, kibane kwa kibati, kidondoshee oili ya cherehani. Kitambaa cha sweta hakifai, nyuzi zake hung'oka na kuingia ndani.

Vigari vipya huwa na mafuta ya kuzuia kutu tu, na mafuta hayo hayatoshi kulainisha. Vitie grisi kabla ya kuvifunga.

Kama ni safi na bado inakwaruza, chunguza shafti. Beringi za gololi kama LM12UU zinataka chuma kilichofanywa kigumu kwa moto. Pitisha kona ya tupa mwishoni mwa shafti, mahali ambapo kigari hakifiki: tupa ikiteleza kama juu ya kioo, ni ngumu, ikiuma na kuacha mkwaruzo mweupe, ni laini, na gololi zitaichimbia mifereji. Nondo laini ya duka la vyuma na shafti nyingi za printa za zamani ziko kundi hilo. Hazijaharibika kwa hilo. Zipe bushi za shaba badala ya gololi zitakutumikia vizuri.

Halafu unyoofu. Shafti iliyosafiri chini ya magunia hadi kupanda mlima Kitonga huenda imefika na upinde. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha cha milimita 6, tochi ikiwa nyuma. Mwanga ukifunguka na kufunga kila mzunguko, imepinda.

Inazama katikati

Shafti isiyo na kitako, iliyoshikwa ncha mbili tu, hupinda kwa uzito. Shafti ya milimita 16, urefu wa sentimita 80, ikibeba kilo 4 katikati, hushuka takriban milimita 0.66. Ya milimita 12 hushuka milimita 2. Ukizidisha urefu mara mbili, kushuka kunaongezeka mara nane. Hakuna marekebisho ya programu hapo. Fupisha, nenepesha, au nunua yenye kitako.

Mawimbi kwenye kazi: pima umbali wake

Chonga mstari mmoja mrefu kwa kina cha milimita 1, uwekee mwanga wa pembeni, hesabu mawimbi kumi, gawanya urefu kwa kumi. Umbali ndio unaotaja jina la mhalifu.

Milimita 5 kwenye SFU1605, au 8 kwenye T8 ya kawaida, ni mzunguko mmoja wa skrubu: skrubu imepinda mwishoni, au kaplingi (kiungo cha mota na skrubu) imefungwa na mota isiyo mstari mmoja nayo. Legeza bolti nne za mota, zungusha skrubu polepole, tazama mota ikicheza. Kaza pale inapotulia. Milimita 2 ni meno ya mkanda wa GT2: mkanda umevutwa mno, au unapita kwenye roli laini kwa upande wa meno. Milimita 40 ni mzunguko wa puli ya meno 20, yaani tundu la puli haliko katikati au skrubu yake ndogo imeisukuma upande. Kwa magurudumu ya plastiki, wimbi la sentimita saba hivi mara nyingi ni bapa lililojitengeneza kwa sababu mashine ilikaa wiki nzima imekazwa bila kutembea.

Mawimbi yasiyo na umbali maalumu, yanayobadilika ukibadilisha kasi, hayatoki kwenye reli. Hayo ni mtetemo wa mota au fremu nyepesi.

Skrubu inachapa kama kamba ya kuruka

Kila skrubu ina kasi ambayo ikiifikia hupiga mawimbi yenyewe. T8 ya mita 1 iliyoshikwa upande wa mota peke yake inafika huko kwenye mizunguko 200 hivi kwa dakika, sawa na milimita 1,600 za mwendo kwa dakika. Ikishikwa na beringi za kawaida ncha zote mbili, inapanda kufikia karibu 580. Kwa hiyo beringi moja ya shilingi elfu chache mwishoni inakupa karibu mara tatu. Zaidi ya sentimita 60, T8 si chaguo letu.

Mota inalia, inatetemeka, inapoteza hatua

Fika hapa baada ya reli na skrubu kupita mtihani. Hakiki kwanza hesabu: mota ya hatua 200 kwa mikrostepu 8 (kila hatua ikigawanywa mara 8) ni hatua 1,600 kwa mzunguko, hivyo SFU1605 inataka 320 kwa milimita na T8 inataka 200. Kwenye GRBL (programu inayoendesha mashine) namba hizo zinakaa $100 hadi $102.

Kuna mtego kwenye mikrostepu. Watu huweka 32 wakitafuta ulaini. SFU1605 inakuwa hatua 1,280 kwa milimita, na kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika ubao wa umeme unatakiwa kutoa mapigo 32,000 kwa sekunde. Arduino Uno yenye GRBL inaishia kwenye 30,000 hivi. Mwendo unakatika na lawama zinakwenda kwa mota. Mikrostepu 8 au 16 zinatosha.

Anza na kasi ya juu ($110) milimita 1,500 na mchapuko ($120) 50. Panda mchapuko kwa 25 kila mara hadi mota ikose hatua, kisha rudi hadi asilimia 70 ya hapo. Mota ikinguruma kwenye kasi ndogo fulani tu na kutulia ukiipita, hiyo ni mtetemo wa asili wa stepa. Draiva ya kidijitali kama DM542 huutuliza kuliko TB6600, na kuipita kasi hiyo haraka nako kunasaidia. Waya za mapigo usizifunge kifurushi kimoja na waya za spindo (mota inayozungusha kisu).

Mhimili wa Z

Z hubeba uzito wa spindo muda wote, kwa hiyo huwa laini kushuka na nzito kupanda. Ikiwa draiva inaachia mota kila inaposimama, kichwa huteleza kidogo na kina cha kazi kinabadilika; weka $1=255 ili mota zishike wakati wote. T8 ya milimita 8 kwa mzunguko na skrubu za gololi hazijishiki umeme ukikatika, tofauti na T8 ya milimita 2 kwa mzunguko. Kata kipande cha mbao cha kuweka chini ya spindo kabla ya kuzima, na kukiwa na mgao kiweke kila unapoondoka kwenye mashine.